Sepetu Unailaza Mbele ya Nani?

Skalzang Yangdol wa nyumba ya Gongma, kijiji cha Tsakshing huko Ladakh, kaskazini mwa India. Binti wa Rigzin Tundup, aliyelibeba mgongoni sufuria kuu la shaba la watawa akavuka nalo mlima mwaka wa maporomoko ya theluji. Mjukuu wa Putit, aliyechimba mfereji wa juu akiwa na mimba kubwa, wanaume wakaona haya kukaa. Na yeye mwenyewe alikuwa mwanamke wa kwanza kijijini kushika sepetu ya maji. Mumewe alipofariki, watu walidhani nyumba ya Gongma itarukwa zamu. Haikurukwa.

Tsakshing maji ni ya theluji, hutokea chemchemi iliyo juu ya kijiji, na hayatoshi. Kila mwaka nyumba moja hutoa churpon, mgawa maji, ambaye hufungua na kuziba mifereji kwa sepetu ya kijiji. Shayiri ikishavunwa, churpon huilaza sepetu chini mbele ya watu wote, akasimama kando. Aliyenyimwa maji husema. Aliyeona shamba la shemeji wa churpon limenyweshwa mara mbili husema vilevile. Sepetu haiinuliwi mpaka maneno yaishe. Skalzang aliwahi kuambiwa mbele ya umati kwamba alipitiwa na usingizi zamu ya jirani yake. Ilimuuma, kwa maana ilikuwa kweli, na mwaka uliofuata alimlimia jirani huyo shamba.

Enzi hizo Ladakh ilikuwa mkia wa jimbo. Wakubwa wa jimbo walikaa Srinagar, ng'ambo ya milima, na watu wa Ladakh walijiona kama watoto wa kambo: kazi nzuri ziliishia huko, barabara zao zilikumbukwa mwisho. Lakini katika bunge la jimbo mbunge walikuwa naye. Wenye hoteli za mji wa Leh walipoyatamani maji ya Tsakshing, Skalzang alikwenda mjini, akaketi kwenye kizingiti cha mbunge huyo, mheshimiwa Ishey Paldan, huku akizungusha tasbihi yake, hanywi chai, haondoki. Mama wa mheshimiwa alipotoka akaelezwa, alimwita mwanawe akamuuliza kiti cha bungeni alikipata kwa kura za nani. Maji yakabaki Tsakshing.

Hata hivyo Skalzang alipiga kelele na wenzake miaka na miaka. Walidai watolewe jimboni, watawaliwe na serikali kuu ya Delhi moja kwa moja. Dai lenyewe walilifupisha wakaliita Yuti, kwa herufi za Kiingereza za 'eneo la muungano', na hata watoto waliokuwa hawajui kusema baba walijua kusema Yuti. Skalzang alilielewa kwa akili ya mgawa maji: mfereji ukitoka kwenye chemchemi moja kwa moja, usipite shamba la mtu, maji hufika mengi. Kiangazi kile dai lilipokubaliwa, aliwamiminia watu pombe ya shayiri mpaka mtungi ukakauka, akacheza na goti lake bovu.

Kisha zikaja mashine. Juu ya kijiji, kwenye malisho mabichi yanayozunguka chemchemi, ingejengwa nyumba ya kupumzikia wakubwa. Hakuna mtu wa Tsakshing aliyeulizwa. Skalzang akajifunga shali, akaenda Leh na mkwewe, Dechen, mke wa mwanawe, mpaka kizingiti kilekile. Ishey Paldan alitoka na fulana, ana vumbi la saruji mikononi. Sasa alikuwa muuza saruji.

"Abi, bibi yangu, hapa utakaa bure," alisema. "Mimi si mbunge. Bunge lenyewe tumetolewa."

"Basi nipeleke kwa mbunge wa Yuti."

"Hayupo. Kuna Yuti zenye bunge lake dogo, na kuna zisizo nalo. Sisi tumepewa isiyo nalo." Akacheka, kicheko kisicho na raha. "Nilikuona siku ile ulivyokuwa unakata kiuno. Hukuuliza tunachezea ipi."

Skalzang akageuka, akashika njia ya baraza la wilaya.

Barazani waliambiwa jambo lile limetoka juu. Huko juu walimkuta ofisa kijana kutoka nchi tambarare, aliyeteuliwa na Delhi, mpole, aliyewapa chai ya sukari na kumsikiliza Skalzang mpaka mwisho. Kati yao alikaa mkalimani mwenye haraka. Dechen alikijua Kihindi kuliko mkalimani yule, lakini mbele ya wakubwa mkwe hunyamaza mama mkwe akisema. Skalzang alieleza habari za chemchemi, kisha akauliza lile lililomleta.

"Sisi churpon akikosea tunamwambia, na tukitaka tunamtoa. Wewe, baba, mwaka ukiisha sepetu unailaza mbele ya nani?"

Mkalimani alisema maneno mawili matatu. Ofisa akatikisa kichwa kwa huruma, akaandika. Nje, Dechen alimweleza mama mkwe wake kilichofasiriwa: bibi huyu analalamikia sepetu.

Kabla ya theluji lori lilifika Tsakshing. Lilishusha sepetu mpya, zinang'aa, moja kwa kila nyumba, na mpiga picha akawapanga watu wazishike. Skalzang alikataa kusimama. Masika yaliyofuata zege lilikuwa limekalia malisho, na maji yalikuja mfereji mmoja badala ya miwili. Shamba la Gongma, lililo mwisho, lilinyauka shayiri ikiwa urefu wa kidole. Mwaka huo ilikuwa zamu ya nyumba yake tena. Goti lilishakataa mlima. Alimwita Dechen, akampa ile sepetu kuukuu yenye mpini wa mti wa mlozi.

"Zamu ni yako," alimwambia. "Na zile za lori zikusanye, umrudishie yule ofisa. Umuulize tena swali langu, kwa Kihindi chako, bila mkalimani. Mimi sitakuwepo, hutanionea haya."

"Mama, yule amehamishwa. Kaja mwingine."

"Muulize huyo. Akihamishwa, muulize atakayekuja. Na usiondoke kwenye kizingiti."