Vimerudi Ghalani

Kazini walimwita Bi Gundi, na jina likamganda mpaka nyumbani. Kazi yake ilikuwa kuziba karatasi zilizotobolewa na wadudu, katika chumba cha chini cha nyumba ya nyaraka, penye meza ndefu, bakuli la gundi ya unga na brashi laini kama kope za mtoto. Mwaka ule alipewa daftari za ghala la ngome ya kale. Karne nyingi nyuma, mtunza ghala aliandika humo baruti, risasi, mablanketi, viatu. Vitu tu. Watu hawakuwamo.

Lugha yenyewe hakuijua, lakini mkono ukipita juu ya neno kila siku, neno huwa kama jirani. Lilikuwapo moja lenye mkia mrefu, kando ya viatu na mablanketi, na kurasa nyingine lilijaa toka juu hadi chini.

"Hili linasema nini, mwanangu?" alimuuliza mtafiti, dada mmoja aliyekuja kuzisoma.

"Kimerudi, mama. Kimerudi ghalani."

"Afadhali. Kumbe walirudi wengi."

Yule dada akaweka kalamu chini. "Vilirudi vitu, mama. Askari aliye hai hanyang'anywi blanketi. Tukitaka kujua mwaka wa homa au wa vita, tunalitafuta neno hilo. Vifo vyao havikuandikwa mahali pengine."

Bi Gundi akachovya brashi, akaendelea. Ila tangu siku ile, akilifikia neno lile, mkono ulipunguza mwendo, kama mtu anayepita penye msiba.

Kitinda mimba wake naye alikuwa askari. Alipelekwa mpakani, na simu yake ilinyamaza tangu mvua zianze. Mume wa Bi Gundi, fundi mwashi mwenye maneno mengi, hakukosa jibu.

"Komandoo wako huyo! Simu kaitumbukiza mtoni. Tangu utotoni kitu hakikai mkononi mwake."

Asubuhi moja, wakinywa chai, simu ya mzee ikalia. Alisikiliza, akaitikia "ndiyo, afande" kila mara, akaiweka mezani uso umemnawiri.

"Bi Gundi, vaa twende! Wamepiga kutoka kambini. Vifaa vya kijana vimerudi stoo, tukachukue vile vyake mwenyewe."

"Wamesema vimerudi?"

"Vimerudi! Mzigo ukishafika, mwenyewe si yuko nyuma yake? Mbona unanikodolea macho? Au nivae tai?"

Bi Gundi akaiacha chai yake mezani. Alifunga kanga, akamfuata.

Stoo ya kambi ilinuka ngozi na mafuta ya taa. Sajini wa stoo, mnene, mwenye sauti ya upole, aliwawekea mfuko juu ya kaunta. Mzee akautoa kitu kimoja kimoja: kitana, shati la kijani, ndala. Kisha simu, kioo kimepasuka.

Akaigeuzageuza. "Sasa hii iko hapa," akasema polepole, "yeye atanipigia na nini?"

Akaupapasa mfuko mpaka chini.

"Na buti zake?"

"Buti ni za jeshi, baba. Zikirudi, hupewa mwingine."

"Atatembea peku?"

Sajini akamtazama Bi Gundi. "Kwani hamjaambiwa? Nilidhani wakubwa wamefika kwenu. Mimi ni mtu wa stoo tu, mama. Napokea vitu."

"Najua unachopokea," alisema Bi Gundi. "Mimi nimejua tangu kwenye chai. Lakini nikimwambia mimi, atasema nina roho ya uchuro. Mwambie wewe. Tafadhali, mwanangu, na usitumie lile neno la kurudi."

Sajini akavua kofia. Mikono yake ilitafuta mahali pa kuiweka, ikakosa.

"Baba," akasema, "kijana wenu amekufa."

Mzee hakulia pale. Alirudisha vitu mfukoni, shati akalikunja upya, akauweka mfuko begani.

Nje, kikosi kilikuwa kinapita uwanjani, mguu baada ya mguu. Bi Gundi alimshika mumewe mkono, lakini mzee hakusogea. Macho yake hayakuinuka kwenye nyuso. Alikuwa akitazama buti, jozi baada ya jozi, mpaka ya mwisho ilipopita.