Njahi za Kanyua

Asifiwe Mungu, aliyeniacha hai mpaka meno yakaisha na kumbukumbu ikabaki. Yeye aliona yote; mimi nashuhudia nililolijua tu.

Nilikuwa na miaka minane. Asubuhi ile nyanya yangu Kanyua, mama yake mama, alikuwa akiponda njahi, maharagwe yetu meusi, pamoja na ndizi mbichi. Mama alikuwa amejifungua siku tatu zilizopita, na kwetu Imenti mzazi hulishwa njahi ili maziwa yashuke. Mtoto alikuwa wa pili wa kike, ambaye kwetu hupewa jina la mama wa mama, basi jina lilikuwa tayari: Kanyua, kama nyanya.

"Ninakwenda kujilisha mwenyewe," alinitania. "Wewe beba maji, mvivu."

Alitia chungu ndani ya kiondo, akaweka mkanda kwenye paji la uso, tukaondoka. Wakati huo tulikuwa tumehamishwa na serikali ya mkoloni kutoka mashambani na kurundikwa katika kijiji kimoja, kilichozungukwa na handaki walilochimba mama zetu kwa kulazimishwa. Baba alikuwa kizuizini. Nyumba ya mama ilikuwa ya mwisho kabisa, upande wa msitu.

Homugadi wawili, askari wenyeji wa mkoloni, walitusimamisha hatua chache kutoka mlangoni kwake. Walikuwa wametoka kuwasaka wapigania uhuru msituni. Shati la mmoja lilikuwa na damu isiyo yake.

"Chakula hiki ni cha nani?"

"Changu."

"Chungu kizima? Wewe mwanamke mzee una tumbo la ng'ombe? Unawapelekea wale wa msituni."

Nyanya alinyamaza. Nilijua sababu. Kwa mila yetu mtu aliyemwaga damu hapaswi kuingia kwenye nyumba ya mzazi; mtoto hataishi. Angemtaja mama, wangeingia kuhakikisha.

"Wewe msichana, sema."

Nyanya alinitazama.

Sikusema.

Walipiga chungu teke. Wakamchukua.

Alirudishwa alasiri, amelazwa juu ya magunia. Hakuiona jioni.

Mama, ambaye hakuwa ameambiwa, alisikia hatua zangu mlangoni akauliza, "Cucu yako amechelewa na njahi?"

Maziwa hayakushuka vizuri. Dada yangu Kanyua aliishi mwezi mmoja.

Tangu hapo nimebatizwa, nimeolewa, nimezaa, nimefundisha watoto wa kanisa kule Kanyakine. Mara nyingi nimemuuliza Mungu kama neno langu moja lingewaokoa wote wawili, au lingewaua mapema zaidi. Nimejifunza kungoja jibu bila kununa, na kushukuru kwa waliobaki.

Mwezi uliopita mjukuu wangu Makena alijifungua hospitalini Embu. Niliponda njahi mwenyewe, nikazifunga kwenye kiondo. Langoni askari kijana aliinua mkono.

"Cucu, chakula ni cha nani?"

Nilishika nguzo ya lango. Kisha nikasema kwa sauti, hata watu wakageuka:

"Ni cha mjukuu wangu, Makena. Amezaa msichana."

"Hongera, cucu! Pita. Usinisahau na kijiko kimoja."

Basi. Hakukuwa na zaidi ya hayo.

Makena alikula mpaka akakwangua sufuria. Mtoto amemwita Kanyua, ingawa kwa desturi zamu ya jina haikuwa ya upande wetu. Nilimshika, nikaona vidole vyote viko, lakini sikufurahi kama nilivyotarajia. Mikononi mwangu walikuwa akina Kanyua watatu, na mmoja tu ndiye aliyekuwa akipumua.

Nawe unayesoma, Mungu akujalie siku ambazo ukisema ukweli langoni utaambiwa, pita.