Gitaa na Taya la Baba

Pangaboi halisimami ghafla umeme unapokatika. Linaendelea kuzunguka kwa mazoea tu, likipunguza mwendo, na sauti yake inashuka taratibu hadi inabaki pumzi, kisha hakuna. Wengi hapo hununa na kutafuta kitu cha kujipepea. Mimi hukaa kimya nikaisikiliza ikiisha, maana kila mara hunirudisha Tegeta, kwenye ukumbi wa sherehe wenye mapazia ya zambarau, nimekumbatia gitaa lililokuwa pana kuliko kifua changu.

Lakini ngoja kwanza niwaambie habari za baba yangu. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Nyumba mpya zilikuwa zinaota kila upande, na kila mwenye nyumba alitaka geti lenye maua ya chuma kumshinda jirani yake, kwa hiyo kazi haikumkosa. Alinuka chuma kilichoungua, harufu niliyoipenda kuliko manukato yote ya mama. Masikio yake tu ndiyo yalikuwa mabovu. Yalitoka usaha utotoni mwake, miaka na miaka bila tiba, na ukitaka kuzungumza naye ilibidi usimame mbele yake upaze sauti. Ndiyo maana hadi leo watu husema kwetu tunaongea kama tunagombana.

Gitaa nililetewa na mama mdogo, naye alilipata kwa watu waliokuwa wanahama. Nilijifunza kwa kuwachungulia wapigaji wa kanisani na kwa kutazama video kwenye simu ya mama. Jioni baba alikaa juu ya ndoo aliyoipindua, akanitazama nikicharaza, na nikimaliza alisema, "Safi sana, mwanangu." Niliisubiri "safi sana" hiyo tangu asubuhi.

Siku moja mdogo wangu akavichezea vile vishikizo vya kukazia nyuzi, nyuzi zote zikalegea. Sikujua hadi nilipoanza kupiga, na kilichotoka kilikuwa balaa. Mama aliuliza kutoka jikoni kama kuna paka amebanwa na mlango. Niliacha katikati, mkono nikaushusha.

Baba akatabasamu. "Safi sana, mwanangu."

Kumbe siku zote alikuwa anaangalia mkono wangu. Mkono ukisimama, anasifu. Sikumwambia mtu yeyote, lakini kuanzia siku ile nilipiga kwa unyonge, na nilitamani kitu kimoja tu duniani, baba anisikie.

Ndipo wapigaji wa kanisani wakaniambia kuna semina ya gitaa ukumbini, karibu na barabara kubwa. Mwalimu alikuwa Mzee Sadiki, aliyewahi kupiga solo kwenye bendi za dansi hapa mjini, kisha akaishi ughaibuni miaka mingi akipiga bluzi, ule muziki wa taratibu wa watu weusi wa Marekani, unaolia na kutania kwa wakati mmoja. Mama aliniruhusu kwa sharti kwamba nisirudi na njaa ya mtu aliyeshinda kwenye muziki.

Ukumbi ulikuwa bado unanukia pilau la harusi ya jana yake. Maputo yaliyosinyaa yalining'inia juu yetu. Mzee Sadiki alikuwa mwembamba, viatu vyake viking'aa, gitaa lake jekundu kama pilipili. Alipiga noti moja, akausukuma uzi kwa kidole, na noti ile ikapanda, ikatetemeka, ikakaa hapo hapo hewani. Sijui ilikaa kwa muda gani. Najua nilipozinduka mdomo ulikuwa wazi, na braza mmoja pembeni yangu alikuwa anajifuta macho akisingizia vumbi.

"Nyie vijana mna haraka sana," Mzee Sadiki alisema. "Mnammwagia mtu noti kama maji ya ndoo. Mwambie neno moja, halafu mwache alisikie."

Akatufundisha wimbo mfupi, wa polepole, wenye nafasi kubwa katikati ambayo vidole vyangu viliiruka kila mara. Tulikuwa tunaurudia umeme ulipokatika. Spika zikakata kauli. Mapangaboi yakashuka, yakashuka, yakanyamaza. Gitaa jekundu bila umeme likawa halisikiki hata mstari wa pili.

"Wamekata tena," mtu akasema, na watu wakaanza kukusanya mikoba.

"Mnakwenda wapi?" Mzee Sadiki aliuliza. "Njooni hapa, mmoja mmoja."

Zamu yangu ilipofika nilimwamkia, akaitika, akaniambia nizibe masikio kwa vidole, niyazibe kweli kweli. Kisha akaniinamisha taratibu hadi taya langu likagusa ubao wa gitaa, akapiga.

Jamani, sijui niwaeleze vipi. Unajua unavyosikia karanga unapozitafuna mwenyewe, kutokea ndani? Wimbo mzima ulinijia hivyo. Ulipita kwenye mfupa, ukajaa kichwani, mpana na wa uvuguvugu, na ukumbi na maputo na watu wote wakawa mbali. Nilitamani asiache.

Nilipoinuka nilikuwa na swali moja. "Babu, na mtu mwenye masikio mabovu?"

Akanitazama vizuri. "Mie si daktari, mjukuu wangu. Mwekee taya lake hapo, umwone."

Sikusubiri semina iishe. Umeme ulipokatika Tegeta, kuchomelea nako kulisimama, kwa hiyo nilijua baba yuko nyumbani. Nilimkuta juu ya ndoo yake, mikono mapajani, hana la kufanya. Nikamwelekeza kwa sauti na kwa vidole. Akanicheka, lakini akainama, akaweka taya lake lenye ndevu fupi ngumu kwenye ubao wa gitaa, karibu sana na mkono wangu.

Nikapiga ule wimbo wa polepole. Baba alifumba macho. Nikamaliza, nikashusha mkono, nikasubiri "safi sana" yangu.

Hakuinuka. Akasema, bila kufumbua macho, "Pale katikati unakimbilia wapi?"

"Nini?"

"Pale katikati umeharakisha. Rudia."

Nilikasirika hadi machozi yakanilengalenga. Mwaka mzima nasifiwa, halafu siku ninayopiga vizuri kuliko zote ndiyo nakosolewa! Nikarudia kwa hasira. "Bado," akasema. Nikarudia tena. Umeme ukarudi, watoto wa mtaani wakashangilia, msaidizi wake wa kazini akamwita kwamba geti la watu linasubiri, na baba hakuinua taya lake. Mama alisimama mlangoni ameshika kanga mdomoni, nikadhani ananicheka.

Nilikuwa mtu mzima, baba amekwisha kuzeeka, nilipogundua kwamba siku ile mama alikuwa analia. Na ndipo nami nikalia.

Siku hizi nikipiga mahali mtu akaja kunisifu, namshukuru. Lakini akija mwingine akaniambia, "Dada, pale katikati umeharakisha," namsogezea kiti.