Nusu Kikombe aambiwa ugonjwa wake ni sayari

Saa nne asubuhi, mwanamke anayeitwa Nusu Kikombe ameinama juu ya beseni la matope yenye dhahabu. Anamimina humo majimaji mazito yanayong'aa, anakoroga kwa mikono mitupu, kisha anakamua kwa kitambaa hadi libaki donge la rangi ya fedha. Donge linachomwa. Dhahabu inakwenda kwa tajiri; moshi anaachiwa yeye.

Jina hilo amebandikwa na wenzake. Ukimjazia chai, nusu anakunywa yeye, nusu linakunywa gauni.

"Mwanzoni nilicheka nao," anasema. "Sasa hata vifungo nafungwa na dada yangu, kama mtoto wa chekechea."

Ana miaka thelathini na minane, tisa kati yake mbele ya beseni. Fizi zinavuja damu. Ulimi nao umeanza kuwa mzito.

Kazini, majimaji hayo huitwa "dawa". Ofisi ya afya ilipotangaza kuwapima na kuwatibu bure walioathiriwa na kemikali, alikwenda akaeleza kuwa anaumwa kwa sababu ya dawa. Karani akamshauri aache kumeza dawa asizoandikiwa na daktari.

Akaenda kwa shemeji yake, mume wa dada yake, mwalimu wa sayansi. Shemeji hakukosa la kumtania: miaka tisa unashikana mikono na mtu, hata jina humjui? Ni zebaki, akamwambia.

Akamfundisha na asili yake. Neno lilitufikia kupitia Waarabu, nao walilitoa kwa Waajemi, likiwa jina la madini haya yanayotiririka. Sayari iliyo jirani na jua wazee waliiita Utaridi. Lakini Wazungu waliona vyote viwili havitulii, wakavipa jina moja, la mungu wao wa kale mwenye mbio. Watunga vitabu wetu wakafuata nyayo, na sayari nayo ikawa Zebaki.

Jumatatu Nusu Kikombe alirudi dirishani kwa karani, kifua mbele, akalitaja: zebaki. Karani akapitisha kidole kwenye orodha ya sumu, juu hadi chini. Halimo.

"Mama, zebaki ni sayari," akamwambia. "Hapa tunasajili waliougua kazini, si walioangukiwa na nyota."

Foleni nzima ilicheka. Naye alicheka, "maana ningefanyaje?"

Shemeji ndiye aliyekuja kugundua: orodha imeandikwa "mekyuri", jina lile la Wazungu. Sumu ni ile ile, ila imevaa suti.

Usajili unafungwa Ijumaa. Shemeji alitaka kwenda kumsemea, akakataliwa. Sharti mgonjwa ajieleze kwa mdomo wake. Basi Nusu Kikombe anakoroga beseni huku akijifunza. Me… mekyu… Neno linamkwama kwenye fizi.

"Ijumaa nitalisema, hata kwa kigugumizi," anasema. "Akitaka kucheka, acheke. Ila acheke huku anaandika."