Miguu ni ya Ng'ombe, Mabawa ni ya Ndege

Kwe-kwe-kwe-kwekweee! Hiyo sauti bado iko masikioni mwangu. Vita ilikuwa imetutoa mjini Baraka, tumejificha kwenye shamba la mihogo mlimani. Watu wazima wananong'ona ili askari waliokuwa barabarani wasitusikie, na kuku wetu anatangaza yai lake kama redio.

Mzee wa kibanda cha jirani akamwambia mama: "Mama, leo huyu anakufa, ao tunakufa sisi."

Akafa yeye. Mzee alimchinja, kisha wakashuka ziwani na baba kutafuta boti ya kwenda Kazimia.

Mimi nilifurahi. Koko, mama yake baba, alikuwa na homa, tangu juzi hajaonja kitu. Asipokula, boti ikipatikana atatembeaje mpaka ziwani? Lakini Koko ni mtu wa zamani: kwao mwanamke, hata msichana kama mimi, hali chenye mabawa. Kuku ni wa wanaume. Akaona bakuli la supu, akageukia ukuta.

Nikakaa karibu, nikamhadithia jambo ambalo mwalimu alitufundisha kabla shule haijafungwa, na ambalo mimi niliota kila siku: Wagiriki wa kale walikuwa na farasi mwenye mabawa, anaruka mpaka mawinguni, akipiga mwamba kwa kwato, chemchemi inatoka.

"Farasi ni nini?"

"Ni kama ng'ombe wa kule Bibokoboko, Koko, ila hana pembe, na anakimbia sana."

"Anatagaka?"

"Hapana, anazaa."

Koko akageuka. "Miguu ngapi?"

"Ine."

"Na mabawa iko nayo." Akafikiri mpaka nikaona amesahau homa. "Sasa kule, banamuke banamukulaka?"

"Mwalimu hakusema kama wanawake wao humla."

"Mwalimu gani huyo! Anaacha neno kubwa!" Akajikaza, akakaa. "Mi nitakata hiyo maneno. Miguu ni ya ng'ombe: banamuke bakule. Mabawa ni ya ndege: baachie banaume."

Nikatoa paja kwenye supu, nikaliinua. "Na huu, Koko? Si mguu?"

Mama akaziba mdomo kwa kitenge. Koko akaniangalia sana.

"We mutoto, unanicheka?"

"Hapana, Koko. Lakini ni mguu."

"Lete basi."

Alikula mguu, akanywa supu yote, akaulizia mguu wa pili. Mabawa akaamuru yawangoje wanaume.

Jua likashuka, wanaume hawajarudi, na nyama haingojei mtu kwenye joto lile. Nikaenda nyuma ya kibanda, nikageukia mihogo, nikala bawa moja, halafu la pili, mpaka mifupa ikabaki mitupu.