Bega la Védastine

Watu wa mjini Cyangugu, wanaoamka wakiliangalia ziwa na kulala wakisikia injini za maboti, hupenda kuuliza Nkungu kuna nini. Kuna milima. Ukimaliza mmoja unakuta mwingine unakusubiri, na juu yake kuna migomba, kahawa, maharage, na mtu aliyeinama na jembe, ambaye atainuka akusalimie hata kama hamjuani. Kuna mvua ya kutosha kuwagawia majirani. Barabara ya gari, katika miaka ile ya baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda na ya vita vya Kongo, ilikuwa jambo la kusikia tu. Mgonjwa alishushwa zahanati kwa mabega ya watu.

Ndiyo maana kila kilima kilikuwa na machela yake. Wenyewe huiita ingobyi: kitanda kirefu kilichosukwa kwa matete, chenye miti miwili, kinachobebwa na wanaume wanne. Kila nyumba ilitoa bega. Mtu akizidiwa, mmoja alisimama mahali pa juu akapiga ukelele, “Muze duheke!”, yaani njooni tubebe, na aliyekuwa analima alilitupa jembe palepale akakimbia. Nyumba isiyo na mwanamume ilitoa pombe ya ndizi badala ya bega. Isiyotoa bega wala pombe ilijibebea wagonjwa wake, na kilimani pale nyumba ya namna hiyo ilikuwa moja tu, ya Védastine.

Védastine alizaliwa Bukavu, ng’ambo ya mpaka, Kongo, kwa baba aliyekimbia kutoka Nkungu akiwa kijana na ambaye hakuacha kuitaja hata siku moja. Mzee Gasana alikuwa fundi viatu mtaani Kadutu, na huku akigonga misumari alimfundisha binti yake kilima chao chote: mgongo upi unatazama ziwa, kijito kipi hufurika kwanza, ukoo upi ulilima bonde lipi. Akafa hajarudi. Mwaka 1995 Védastine, mjane tayari, alivuka mpaka wa Rusizi na binti yake Mutoni, akapanda mpaka Nkungu, akaonyeshwa kipande cha shamba. Alipiga magoti akaunusa udongo. Majirani waliomwona wakadhani ameangusha kitu, wakaja kumsaidia kutafuta.

Shamba lilikuwa dogo, kwa hiyo siku za soko alishuka mpakani kumbebea mizigo Maman Mwavita, mfanyabiashara wa Bukavu. Alibeba vile wanawake wa kule wanavyobeba: mzigo mgongoni, mkanda wa ngozi ukiuzunguka na kupita kwenye paji la uso, shingo ikifanya kazi yote. Mkanda ule ulikuwa umemchimbia mfereji mdogo juu ya nyusi. Sasa wanawake wa Nkungu hubeba kichwani, mgongo umenyooka, na walipomwona anapanda mlima ameinama chini ya gunia, walicheka hadharani. Bibi kizee Nyiransabimana, Mukecuru kama wote walivyomwita, ambaye ulimi wake haukuwahi kupumzika hata kanisani, ndiye aliyempa jina: Punda wa Bukavu.

Mwaka uliofuata Bukavu iliingiwa na vita, kambi za wakimbizi zikavunjika, na kilima kikajaa watu waliorudi kutoka huko. Waliobaki, waliorudi zamani, waliorudi jana, wote waliangaliana kwa pembe ya jicho. Kila nyumba ilikuwa na pengo lake. Lakini ingobyi haikusimama, na hilo watu wa Nkungu wana haki ya kujivunia mpaka leo: walioshindwa kusalimiana walibebana.

Védastine aliitaka sehemu yake katika hilo. Mkuu wa ingobyi alikuwa Hategekimana, mtoto wa Mukecuru, mtu mrefu, mkavu, asiyependa mzaha. Alipokuja kuuliza habari ya pombe alimsemesha Kiswahili cha mpakani, ingawa Védastine alizungumza Kinyarwanda cha baba yake, safi kuliko cha Hategekimana mwenyewe.

“Maman Védastine, bajane banatoaka pombe. Leta kabido kamoja tu, kadumu kadogo, basi iko sawa.”

“Miye niko na mabega, Papa. Pombe ya nini?”

“Bamama habashikake ingobyi. Njo desturi ya huku.”

“Na miye niko muntu wa wapi?”

Hategekimana aliutazama mkanda uliotundikwa mlangoni. “Wa kule,” akasema, akaenda zake.

Maneno hayo yalimchoma mwanamke yule kuliko jina la punda. Naye alikuwa na kichwa kigumu: hakutoa pombe, hata tone. Mutoni alipopata malaria alimshusha mwenyewe mgongoni, mlima mzima, huku akinung’unika. Ukelele wa “Muze duheke” uliposikika alikaa ndani akijifanya kuchambua maharage. Hofu yake ilikuwa moja, na hakumwambia mtu: siku nitakayoanguka mimi, mtoto huyu atamwita nani?

Aprili ya mwaka 1999 vita vya pili vya Kongo vilikuwa vimepamba moto. Vijana wengi wa kilima walikuwa jeshini na mabega yalikuwa yamepungua. Mvua ilinyesha kama imeajiriwa. Asubuhi moja Mukecuru alishikwa na homa kali hata asimtambue mwanawe, na Hategekimana na wanaume watatu wakamweka kwenye ingobyi wakaanza kushuka. Védastine alikuwa njiani kwenda mpakani, akafuata nyuma yao na mkanda wake begani.

Walipofika pale njia inapopita ubavuni mwa mlima, juu ya kijito, wakakuta mlima umeporomoka. Njia iliyobaki ilikuwa nyembamba, ya mguu mmoja, na huko chini maji ya udongo yalikuwa yakinguruma. Wanaume wawili wasingeweza kupita sambamba na ingobyi begani. Kuzunguka kwa juu kungewafikisha jioni, na Mukecuru alikuwa anapumua kwa taabu. Hategekimana alijaribu kumbeba mgongoni, lakini mikono ya mama yake haikuwa na nguvu ya kushika shingo, akateleza, wakamdaka.

Védastine aliukunjua mkanda. “Mumupe miye.”

“Na ukianguka?”

“Papa, nilipitaka pale ku daraja na gunia ya chumvi, mvua inanyesha, batu banasukumana. Mama yako hafike uzito ya ile chumvi.”

Hategekimana alimtazama mama yake, akatazama maji, akainama mwenyewe kumsaidia kumfunga. Walimviringisha Mukecuru kwenye mkeka na kitenge, mkanda ukamshika chini ya mapaja na mgongoni, ukapanda mpaka kwenye paji la uso la Védastine, ukalala kwenye mfereji wake. Mikono yake ikabaki huru kushika mizizi. Akageuza uso kwa mlima, akaanza kwenda kwa upande, mguu mmoja ukimfuata mwenzake.

Katikati ya njia Mukecuru alizinduka.

“Nani ananibeba?”

“Punda wa Bukavu, Mukecuru.”

Chini maji yakaendelea kunguruma.

“Basi uangalie njia, weye punda. Hii kitenge ni mupya.”

Védastine alitaka kucheka, lakini shingo haikumpa nafasi. Alivuka. Wanaume wakavusha ingobyi tupu kwa ubavu, mmoja mmoja, wakamlaza mgonjwa tena, na kabla ya saa sita alikuwa mikononi mwa muuguzi. Alipona, na ulimi wake ukapona kabla ya miguu. Hategekimana alisema, “Aksanti, Maman.” Kwa Kiswahili. Védastine akaitika, akashuka mpakani kufanya kazi yake, na njia nzima alilitafuna neno lile, kwa sababu mgeni ndiye anayeshukuriwa kwa Kiswahili.

Mvua ziliisha. Alasiri moja alikuwa anapalilia maharage na Mutoni, ukelele ukaanza kule juu. Hakuinua kichwa. Ukelele ukashuka, ukakaribia, ukasimama kwenye uzio wake. Alikuwa Hategekimana, anahema.

“Védastine! Ngwino duheke!”

Njoo tubebe. Alisema kwa Kinyarwanda, bila Maman, vile alivyowaita wenzake wote wa kilima. Kisha akaongeza, kwa lugha hiyohiyo, kwamba bega la kulia nyuma halina mtu, na kwamba mkanda nao uje, maana njia bado mbovu.

Mutoni aliuliza nani anaumwa, lakini mama yake alikuwa ameshafika kwenye uzio, amenyooka, mkanda mkononi. Jembe lilibaki limelala katikati ya maharage, palepale alipolitupa.