Mama Ratiba na Kitabu cha Shemeji

Basi lilikuwa bado linatafuta pa kusimama wakati fundi wa sauti alipoisikia kwa masikio yake mwenyewe ile sauti aliyosafiri siku mbili kuifuata. Ilitoka kwenye vipaza sauti vinne vilivyofungwa juu ya nguzo, bila haraka, bila kumbembeleza mtu.

"Basi la saa nne liko njia ya pili, limeshawasha injini. Baba uliyeacha godoro mlangoni pa choo, godoro linakusubiri. Na wanaotaka choo wanalisubiri godoro."

Hakuna aliyecheka. Watu walijitwika mizigo wakaelekea njia ya pili kama walivyoambiwa, na mwanamume mmoja akachomoka mbio kufuata godoro lake.

Fundi alikuwa mwanamke wa safari. Alikuwa amelala kwenye miji mingi mno, kiasi kwamba asubuhi nyingine aliamka akijiuliza leo aanze na lugha gani. Lakini stendi hii hakuijua, na begi la vifaa lilikuwa linamkata bega. Akamsimamisha mpagazi.

"Samahani kaka, chumba cha matangazo kiko wapi?"

"Panda ngazi hizo, dada. Ukikuta mlango umeandikwa usiingie, wewe ingia."

Ndani alimkuta mwanamke wa makamo, sweta mabegani, miwani shingoni kwa kamba. Wote walimwita Mama Ratiba. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiketi mbele ya meza ile ile, yenye kipaza sauti cha shingo ndefu na kitufe cheusi kando yake. Ukikishikilia kitufe, taa nyekundu inawaka na stendi nzima inakusikia. Ukikiachia, inazimika. Cha kwake kilikuwa kimechimbika katikati kwa kubonyezwa.

Kazi iliyomleta fundi ilikuwa kitabu cha kusikiliza kilichokwama. Hadithi yenyewe ilihusu mwanamke aliyeolewa, akampenda mdogo wa mume wake, wakiishi nyumba moja na ukuta mmoja kati yao. Ofisi ya fundi ilianza kwa kumpa mwigizaji mashuhuri aisome. Mwigizaji akahema, akanong'ona, akalia machozi ya kweli. Wasikilizaji wa majaribio wakarudisha majibu. "Huyu analia kabla sijalia mimi," aliandika mmoja. Mwingine akasema, "Ananihemea sikioni kama mtu tuliyebanana naye kwenye lifti." Bosi, ambaye aliwahi kupita stendi hii akaachwa na basi kwa kusimama kumsikiliza mtangazaji, akasema basi, mtafuteni yule.

Mama Ratiba alikubali kwa sharti. Jina lake lisitajwe, na hapa stendi asisikie mtu hata neno moja.

"Huko mbali wasikie wanavyotaka," alimwambia fundi akifunga mlango. "Huko hawajui kama nina shemeji. Hapa wanajua. Baba mkwe wangu ndiye Bwana Stendi, yeye ndiye aliyenipa hiki kiti. Mume wangu ni dereva, nusu ya mwezi yuko barabarani. Na mdogo wake ndiye yule anayekata tiketi hapo chini, tunaishi ua mmoja, ukuta mmoja. Wakinisikia nasoma haya, nani atasema ni kitabu? Nitapoteza kazi na nyumba siku moja."

"Kuna ukweli wowote?"

"Hakuna. Lakini 'hakuna' ni neno dogo, mwenzangu."

"Sasa ulikubali ya nini?"

"Miaka yote hii nawaambia watu waondoke. Nilitaka siku moja nimwambie mtu kitu akabaki."

Wakaamua kurekodi humo humo. Kuta zilikuwa zimebandikwa trei za mayai kuzuia mwangwi, na kati ya saa sita na saa nane mchana hakuna basi linalotoka. Fundi akasimamisha kipaza sauti chake mwenyewe pembeni ya kile cha stendi, akavaa hedifoni, akaashiria.

Mwanzo ulikuwa wa aibu. Mama Ratiba alivuta pumzi ndefu, akailegeza sauti, akaanza kuyavuta maneno kama mtu anayetafuna ubani.

Fundi akasimamisha. "Mama, unafanya nini?"

"Si mapenzi haya? Nimetia mapenzi."

"Mapenzi yamo tayari kwenye maneno. Ukiongeza ya kwako inakuwa chai iliyotiwa sukari na watu wawili. Huyu mwanamke anaficha. Ukimlilia, umemfichua. Soma kama unavyotangaza mabasi. Linaondoka, limeondoka, imetosha."

"Kama mabasi."

"Vile vile. Usibadilishe chochote."

Mama Ratiba akavaa miwani, akaunyoosha mgongo, akakisogeza kiti mezani kama anavyokisogeza kila siku. Akaanza.

"Saa saba na nusu aliweka chai mezani, vikombe viwili. Mume wake alikuwa safarini. Alisikia hatua upande wa pili wa ukuta. Zikaja mpaka mlangoni, zikasimama. Aliyesimama hakubisha. Mwanamke naye hakuinuka. Akahesabu vikombe tena, kana kwamba kimoja kingekuwa kimeondoka."

Mwigizaji alikuwa ameilia sehemu hii dakika nne, na fundi wakati ule alitazama saa. Sasa hakuthubutu hata kumeza mate. Akasogeza hedifoni kidogo kujikuna sikio, na hapo akaisikia sauti ile ile ikija mara ya pili, kutoka nje, ikiwa imechelewa kidogo.

Akatazama meza. Taa nyekundu ilikuwa inawaka. Kidole cha Mama Ratiba kilikuwa juu ya kitufe, kimetulia kwenye shimo lake. Aliambiwa asome kama anavyotangaza, na mkono ukafuata mdomo.

Dirishani, stendi ilikuwa imesimama. Mpagazi alikuwa na gunia kichwani, hatui wala haendi. Abiria wa saa nane walikuwa wametulia kwenye foleni, na hawakutazama juu kwenye vipaza sauti. Walitazama dirisha la tiketi.

Fundi aliinua mkono amguse bega. Alilikumbuka sharti, tena vizuri sana. Alikumbuka pia miezi mitatu ya kitabu kilichokataa kusomeka, na sasa kilikuwa kinasomeka. Amalize aya hii tu, alijiambia. Aya ikaisha, ikaja nyingine, hatua za mlangoni zikageuka kurudi, kisha zikasita. Mkono wa fundi ulibaki hewani. Alipomgusa, ukurasa mzima ulikuwa umekwisha.

Mama Ratiba alikitazama kidole chake muda mrefu kabla ya kukiondoa. Taa ikazimika.

Chini, basi la saa nane lilipiga honi mara moja likanyamaza. Kisha zikasikika funguo zikipanda ngazi.

Bwana Stendi alikuwa mzee mnene, mwenye funguo za kila mlango kiunoni. Hakumtazama mkwewe. Alimtazama fundi.

"Huyu nani?"

"Ni fundi, Baba. Amekuja kurekodi kitabu."

"Kitabu." Akakaa juu ya begi la vifaa bila kuuliza ni la nani. "Basi la saa nane limegoma. Abiria hawapandi mpaka waambiwe kama mlango ulifunguliwa. Na mwanangu mdogo amejifungia kwenye chumba cha tiketi, hataki kutoka."

"Hiki hapa, Baba," Mama Ratiba alimpa kitabu. "Yote yameandikwa."

Mzee alikipokea, akakisogeza mbali na macho, akaufuata mstari kwa kidole. "Maneno ndiyo haya," alisema mwishowe. "Lakini mtu anayesoma namjua. Hukuwa unasoma, mwanangu. Ulikuwa unatueleza."

Kwa fundi wa sauti hakuna sifa inayozidi hiyo. Fundi akatamani ardhi ipasuke.

"Kosa ni langu, mzee. Mimi ndiye niliyemwambia asome hivyo. Na taa niliiona."

Mama Ratiba akageuka. "Uliiona saa ngapi?"

"Kwenye vikombe."

"Vikombe viko mwanzoni."

"Ndiyo."

"Ukaniacha."

"Ulikuwa unasoma vizuri mno."

Mama Ratiba alivua miwani, akaikunja. Hakupandisha sauti, hakuwahi kuipandisha. "Mume wangu yuko mwisho wa njia, anapumzika mpaka kesho. Basi hili linafika kwake saa kumi na mbili, na watu arobaini watashuka humo. Mmoja tu akipita pale madereva wanapokunywa chai, nimekwisha."

"Mpigie simu," alisema mzee.

"Kwenye simu nitasikika hivi hivi, Baba. Sauti yangu haijui kuapa. Lazima anione uso." Akachukua kitabu, akakibana kwapani. "Wewe unaniamini?"

Bwana Stendi alizichezea funguo. "Nenda. Akikuamini yeye, sitakuwa na la kuuliza."

Mama Ratiba aliteremka. Fundi alinyanyuka kumfuata, mzee akamnyooshea kidole.

"Wewe kaa. Kaa kwenye kiti chake. Kabla hawajatoka waambie ni kitabu. Si ndiye wewe uliyeiona taa?"

Kutoka dirishani fundi alimwona akivuka uwanja. Watu walimpisha. Alipofika usawa wa dirisha la tiketi hakugeuza shingo, na wote waliokuwepo waliona kwamba hakuigeuza. Akapanda basi la saa nane, akakaa kiti cha mbele. Nyuma yake foleni ikaanza kupanda upesi, wakigombea viti vya jirani naye. Injini ikawaka.

Fundi akabonyeza kitufe. Kilikuwa kigumu kuliko alivyodhani.

"Ndugu abiria," alisema. "Yale mliyosikia ni kitabu tu, jamani. Kitabu. Nawaomba sana mniamini."

Sauti yake ilimrudia kutoka kwenye nguzo, ikitetemeka, na pumzi zake zote ndani. Chini, mwuza magazeti alitazama juu, akamgusa mwenzake kiwiko, wakafunika midomo kwa viganja.

"Rudia," alisema Bwana Stendi nyuma yake. "Bila kulia."

Fundi akabonyeza tena. Basi lilikuwa limeshapita geti.